Tuliigiza mfano wa mpanzi kule Mbinga, mpanzi akaishia kuwa mke wangu

Wakuu heshima mbele. Mliokula chumvi nyingi shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Mimi humu ndani ni msomaji tu. Nasoma, nacheka, naondoka zangu. Leo nimeshindwa kukaa kimya.

Juzi kuna mdau alileta uzi akilalamikia hizi movie zetu za dini. Kwamba mcha Mungu siku zote ni binti mweupe anayeishi kwenye nyumba ya vigae, na mwenye mapepo siku zote ni mtu mweusi aliyetoka kijijini na furushi lake. Nikasoma comments zote. Wengine wakasema soko ndilo linataka hivyo. Wengine wakasema mnakuza mambo, dini haina rangi, angalieni ujumbe.

Sasa mimi nina jambo lilinitokea, na nimekaa nalo miaka mingi. Ninayosimulia ni ya kweli tupu, ila majina nimeyageuza kidogo kulinda heshima za watu. Mkanda wenyewe uliliwa na ukungu zamani, kwa hiyo msiniombe clip. Mtaniamini au mtaniacha.

Ni kwetu Mbinga, enzi za ruksa.

Waliokuwepo wanakumbuka. Ghafla kila kitu kikawepo. Mitumba ikamwagika sokoni, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milima yetu na magari yao, na pale mjini vikafunguka vibanda vya video. Watoto wakawa wanarudi nyumbani wanapigana karate hadi na mbuzi.

Kanisa nalo halikubaki nyuma. Parokiani ikaja TV, deki na jenereta. Kila Kwaresima tulikuwa tunaoneshwa sinema ya mateso ya Bwana, imetafsiriwa Kiswahili. Bwana mweupe, macho ya bluu, nywele ndefu zimelala vizuri. Wazee wetu walikuwa wanapiga magoti mbele ya ile TV. Sicheki, wakuu. Mimi mwenyewe nililia.

Halafu Ijumaa Kuu tunaigiza wenyewe. Na hapa ndipo casting ilipokuwa na sheria yake ambayo hakuna aliyewahi kuitamka.

Mimi Mungu amenijalia rangi ya maji ya kunde na pua imesimama kidogo. Basi. Tangu nimalize kipaimara sikuwahi kukosa part ya maana. Nimekuwa Yohane, nimekuwa Petro, na nilipooa nikapandishwa cheo nikawa Bwana mwenyewe, nikavalishwa kanzu ya mtumishi wa altareni na wigi la kahawia tulilolipata kwenye mitumba. Kuigiza sijui hata kidogo. Ukiniambia nitembee kwa huzuni natembea kama mtu aliyebanwa na kiatu.

Mke wangu Otilia ndiye aliyekuwa muigizaji. Akikusimulia habari ya mtu aliyeteleza kwenye tope, unamwona mtu, unaliona tope. Sauti yake kwenye kwaya ilikuwa inafika mpaka barabarani. Na alikuwa anataka kuigiza, hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya wenzake. Kila mwaka anaomba.

Lakini Otilia ni mweusi tii. Kwa hiyo kila mwaka aliwekwa kwenye kundi la watu wanaopiga kelele Bwana asulubiwe.

Siku moja tumerudi kutoka mazoezini, anachochea moto, akaniambia, "Baba Skola, mimi kwenye Biblia yenu kazi yangu ni makelele tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Na aliyekuwa anagawa parts ni nani? Baba yake mzazi, Mzee Bosko, katekista wetu. Mzee wa watu, mwenye imani haswa, ametufundisha sala wote pale kijijini. Hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa anatafuta watu wanaofanana na picha ya Bwana iliyotundikwa ukumbini parokiani, na binti yake hakufanana nayo, akamweka anapofaa. Ndivyo alivyoona.

Sasa mwaka mmoja paroko, Mmatengo mwenzetu, kijana bado, akaja na wazo. Tusingoje kila mwaka sinema za watu. Tutengeneze ya kwetu, fupi, ya mfano wa mpanzi, tuoneshane parokiani halafu tuipeleke na kwa majirani. Akamleta Deo kutoka Songea, mpiga video wa harusi, na kamera yake ile ya begani. Kijiji kizima kikachanganyikiwa kwa furaha.

Mpanzi nani? Hakuna aliyeuliza. Wigi likatolewa kabatini, likapigwa vumbi, nikapimishwa kanzu.

Location ikawa shamba la ukoo wa mke wangu, upande wa Namswea, kwenye mteremko mmoja mkali. Ilikuwa Kwaresima, msimu wa kupanda maharage, kwa hiyo shamba lilikuwa tayari kabisa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wasiotujua. Sisi tunalima ngoro. Milima yetu imesimama, ukilima kawaida mvua inakuja kuchukua udongo wako inampelekea mtu wa bondeni. Kwa hiyo mwanaume anafyeka majani, anayalaza kwa mistari inayokatizana mpaka mlima wote unakuwa na vyumba vyumba. Kazi yake imeishia hapo. Anayefuata ni mwanamke. Yeye ndiye anayerusha mbegu za maharage juu ya yale majani, anachimba udongo katikati ya kila chumba, anafukia. Pembeni linabaki tuta, katikati linabaki shimo, maji ya mvua yanakaa humo yanatulia.

Mwanaume kupanda maharage haikuwa mwiko. Ila sikuwahi kuona ikitokea.

Mmeshaona tatizo? Basi sisi hatukuliona. Paroko, katekista, mimi, kwaya nzima, sote tumezaliwa kwenye ngoro, sote tumeusikia mfano ule tangu tukiwa tumefungwa mgongoni. Na sote kichwani tulikuwa tunamwona mzungu mwenye ndevu, anatembea kwenye shamba tambarare, anatupa mbegu kwa mkono wa kulia.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umejaa bondeni, huku juu kumepambazuka vizuri. Watu wamekaa juu ya shamba kama makutano, wanawake wengi, Otilia akiwemo na kitenge chake cha shamba. Mzee Bosko hakuja, magoti yalikuwa yanamsumbua.

Deo akasema, "Haya, action."

Nikashuka na kanzu yangu nyeupe na wigi langu, kikapu mkononi. Nikachota maharage, nikarusha kama mtu anayewaita kuku. Mengine yakanirudia kifuani. Nikakanyaga majani, nikateleza, nikakaa chini. Wigi likageuka likanifunika macho.

Wakuu, wanawake walicheka mpaka wengine wakalala chini. Hata paroko aligeuka akaangalia upande mwingine, mabega yanamtikisika. Mama mmoja mtu mzima akapiga kelele kule juu, "Jamani mwoneeni huruma mume wa mtu, tangu lini akapanda!"

Ndipo vicheko vikakatika kidogo kidogo. Tukaanza kutazamana. Nadhani sote lilitujia kwa pamoja, tangu lini kweli?

Deo yeye hakuelewa, mtu wa mjini, alikuwa analalamika betri inaisha. Otilia akashuka. Hakuwa na mpango wowote, alikuja kunisaidia. Akaninyanyua, akanipangusa matope, akachukua kikapu. "Hivi, Baba Skola," akasema.

Akaanza kupanda.

Sijui niwaelezeje. Ni kitu nilichokiona maisha yangu yote, mama yangu, bibi yangu, yeye mwenyewe kila mwaka, na sikuwahi kukitazama. Aliinama, kiganja kikafunguka, mbegu zikatoka kwa pamoja zikatawanyika juu ya majani, kila moja ikaenda mahali pake. Hatua moja, kiganja tena. Halafu jembe, udongo mweusi unapanda, unafunika. Miguu yake haikuteleza hata mara moja kwenye ule mteremko. Akaanza kuimba chini chini, nadhani hata hakujua kwamba anaimba.

Alipofika kwenye kijia kinachokata shamba, mbegu chache ziliruka zikaangukia njiani. Hakufanya makusudi. Zingine zikaangukia kwenye mawe pale pembeni, zingine kwenye miiba mpakani. Kila mwaka zinaangukaga hivyo. Mfano mzima ulitokea mbele yetu, na hakuna aliyekuwa anaigiza.

Nikageuka nikamwona Deo amepiga goti kwenye tope na kamera begani, taa nyekundu inawaka. "Mama, usigeuke," akamwambia taratibu, "endelea hivyo hivyo."

Mimi niliogopa, wakuu. Si woga wa kukimbia. Ni ule wa kuingia mahali ambapo unajua kabisa unapaswa kuvua viatu.

Habari zikamfikia Mzee Bosko kabla hatujarudi. Akakataa.

Na alikuwa na hoja, tusimdharau. Alisema ukisoma mbele kidogo, kwenye mfano wa magugu, apandaye mbegu njema ni Bwana mwenyewe. "Bwana havai kitenge," akamwambia paroko. Akataka Deo arudi mlimani, arekodi upya juu ya mkanda ule ule, mimi nikiwa na kanzu. Yule mwanamke afutwe. Alisema hivyo, yule mwanamke, wakati anamsema mtoto wake. Na akiwa katekista na mzee wa halmashauri ya parokia, paroko asingeweza kumpita juu kirahisi. Ukumbi usingefunguliwa.

Mimi nikaulizwa. Ningesema nini? Yule ni mkwe wangu. Kwetu mkwe hujibizani naye, unainamisha kichwa unaitika.

Jioni Otilia akajifunga kitenge kipya, akaniambia nimsindikize kwa baba yake.

Akapiga magoti. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Sijaja kubishana. Naomba uniangalie mara moja tu, baba, kisha useme. Ukisema nifutwe, nifutwe. Nitarudi kwenye makelele yangu na sitakuomba tena maisha yangu yote."

Mzee akawa anazungusha rozari vidoleni. Niliogopa, kwa sababu namjua mke wangu. Akisema hatoomba tena, hatoomba tena. Kile kitu alichokitaka tangu usichana kilikuwa kimewekwa pale mezani chote.

"Nitaangalia," akasema mzee.

Jumapili baada ya misa tukaingia ukumbini. Madirisha yakazibwa na mablanketi ili picha ionekane, jenereta likawashwa nje. Watu wakajaa mpaka mlangoni. Mzee Bosko mbele kabisa kwenye kiti chake, paroko pembeni yake. Otilia hakukaa. Alisimama nyuma ukutani, amekunja mikono.

Mkanda ukaanza. Ukungu. Mlima wenye vyumba vyumba. Watu wakaguna tu kuona mlima wao ndani ya TV.

Halafu akatokea yeye.

Nilitegemea vigelegele. Nilitegemea vicheko, maana tunamjua sote, ni Otilia, anayetuchekesha sote kwa hadithi zake. Zaidi ya jenereta hukusikia kitu.

Kisha nikaona jambo ambalo nikifa nitakufa nalo. Bibi mmoja aliyekuwa mstari wa pili, mkono wake ulikuwa juu ya goti, kiganja kikaanza kufunguka na kufumba. Nikatazama wa pembeni yake, hivyo hivyo. Nikageuka nyuma. Wakuu, ukumbi mzima, wanawake wote, wazee kwa vijana, viganja vinafunguka kwa pamoja na kile cha kwenye TV. Hakuna aliyewaambia. Wala hawakuwa wanatazamana. Walikuwa wanapanda.

Nikashika benchi.

Picha ikafika mwisho. Deo akaisimamisha pale Otilia ameinua uso, picha inatetemeka kama zilivyokuwa zinatetemeka picha za deki. Kila mtu akamgeukia Mzee Bosko.

Kazi yake kila tukisoma mfano ni kusimama na kuueleza. Ameueleza ule tangu kabla mimi sijazaliwa, kwa maneno yale yale, na kidole kinainuka kuelekea picha ya Bwana iliyotundikwa ukutani. Akasimama, magoti yanamwuma. Kidole kikainuka chenyewe kwa mazoea.

"Mpanzi ni..."

Akakwama.

Akatazama ukutani. Akatazama TV. Alikaa hivyo, wakuu, mpaka paroko akainuka kidogo akidhani mzee anaumwa. Kidole kikashuka taratibu, kikasimama kwenye TV.

"Mpanzi ni huyu," akasema.

Sauti ilimtoka ndogo sana. Akavuta pumzi, akamgeukia Deo. "Usifute, mwanangu." Halafu akakaa chini akafunika macho kwa mkono wenye rozari.

Kule nyuma Otilia, mwanamke asiyekosa neno, alikuwa amejifunika uso mzima na kitenge. Wanawake ndio wakamvuta mbele. Vigelegele vilipoanza nadhani waliokuwa kwenye kahawa upande wa pili wa bonde walivisikia.

Ningeishia hapo, lakini kuna jambo la Liuli, na hilo ndilo lililonifungua akili kabisa.

Paroko alikuwa anaelewana na mchungaji mmoja wa Kianglikana kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Tukashuka na mkanda wetu, TV imefungwa kwenye magodoro nyuma ya gari. Ukitoka kwenye baridi yetu na kufika Liuli, ziwa liko mbele yako halina mwisho, joto linakupiga usoni, unajiona mgeni. Wale ni Wanyasa, ni watu wa mihogo na samaki. Ngoro wanaisikia tu.

Tukawaonesha kwenye darasa la shule. Wakapenda. Wakapiga makofi ya heshima, yale ya kumpigia mtoto wa jirani.

Walipomaliza kupiga makofi, mama mmoja akainuka. Mama mnene, mwenye sauti, tuliambiwa ni muuzaji wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Akamwambia Otilia, "Dada, wewe tumekuona, ni mpanzi kweli. Sasa na mimi ninayeanika usipa, nimo wapi humo?"

Paroko akakohoa. Mimi nikawaza, duh, tumejibiwa.

Otilia akamtazama, akasema, "Umo, mama. Ni kamera tu haijafika kwako."

Wakacheka, lakini paroko na yule mchungaji hawakucheka. Mwaka uliofuata Deo alishuka na kamera yake, wakaigiza ule mfano wa wavu uliotupwa ziwani ukakusanya samaki wa kila namna. Wanaume wakavuta. Na ufukweni, anayekaa chini na kutenga samaki wazuri huku na wabaya huku, ni yule mama, kwa sababu kule Liuli kazi hiyo ni ya akina mama na mikono yao haikosei.

Nendeni mkasome maelezo ya mfano ule. Wanaotenga ni malaika.

Mchungaji alipolieleza hilo mbele ya watu wake, yule mama alikaa kitako mchangani akaitazama mikono yake, ina magamba mpaka kwenye viwiko. Alisema tu, "Hii?"

Siku hizi hata wajukuu zake wanamwita Malaika, na anaitika.

Sasa kwa wale mnaosema dini haina rangi, mimi nakubaliana nanyi. Ndiyo maana nashangaa ilikuwaje kichwani mwangu ikawa na rangi moja tu kwa miaka yote ile. Picha ya mzungu sikuichukia, na Mzee Bosko hakuitoa ukutani mpaka anafariki. Nilichojifunza ni kwamba niliishi ndani ya mfano ule, nililishwa nao, nikauoa, na bado nilikuwa naangalia juu ya kichwa cha mke wangu namtafuta mtu mwingine kwa mbali.

Movie zetu za leo nazo zina kamera nzuri kuliko ya Deo mara mia. Waigizaji wana makeup. Lakini sijaona kiganja cha mtu yeyote kikifunguka kwenye kiti akizitazama.

Karibuni mchangie, mnipinge, mnitukane kidogo, ruksa. Otilia yuko hapa anasubiri nimsomee majibu yenu. Ila nina swali moja, na naomba ulijibu haraka kabla hujajipanga.

Ukisikia mpanzi alitoka kwenda kupanda, ni sura ya nani inakujia?

Andika ukweli tu, mkuu. Hata kama ana nywele za kahawia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimezivaa.